Kufundishia picha za safari: mwongozo kwa mwalimu, kwa mfano wa Kilwa Kisiwani

Walimu wengi tukisafiri tunarudi na simu iliyojaa picha: sisi mbele ya magofu, sisi kwenye boti, sisi na sahani ya pweza. Kwa albamu ya nyumbani zinatosha. Ukizipeleka darasani zinaisha baada ya dakika mbili, kwa sababu mwanafunzi hana cha kuuliza zaidi ya "Mwalimu, huyo ni nani?" Picha ya kufundishia hupigwa kwa nia nyingine, na huonyeshwa kwa utaratibu mwingine: swali linatangulia, maelezo yanakuja mwisho.

Mwongozo huu unafuata safari moja, ya Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale pwani ya kusini mwa Tanzania, tangu kabla ya kupanda basi hadi daftari kusahihishwa. Nimeichagua Kilwa kwa sababu Historia, Jiografia, Kemia na Hisabati zote zinakutana kwenye kisiwa kimoja kidogo. Aliye karibu na michoro ya Kondoa, bandari ya Kigoma au mitaa ya Lamu abadilishe mfano tu. Kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Soma muhtasari wa somo kabla ya kufungasha

Fungua kitabu cha kiada kwenye sura inayohusu mahali unapokwenda, kisha andika kila kitu ambacho kitabu kimekisema bila kukionyesha. Kitabu kitasema Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo. Mwanafunzi atakariri. Lakini dhahabu ilishushwa ufukwe gani? Maji ya kunywa yalitoka wapi kwenye kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi? Nyumba zilijengwa kwa nini, na nani alibeba hayo mawe? Kila swali hapo ni picha ya kutafuta: mkondo wa bahari na vyombo vyake, kisima, ukuta uliobomoka ukaonyesha tumbo lake.

Beba pia tarehe chache za uhakika, maana ndizo zitakazoingia kwenye maelezo ya picha. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Wareno waliuteka mji mwaka 1505. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014.

Kibali cha kuingia kisiwani kinapatikana Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, kabla ya kuvuka. Chukua mtembeza wageni wa hapohapo. Anajua kisima kipi bado kinatumika na nyumba ya nani usiielekezee kamera. Na uliza habari za maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari hupwa sana na ufukwe unaonekana wote. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Kama unataka mfululizo wa kujaa na kupwa kwa ajili ya Jiografia, panga safari kwa kalenda ya mwezi.

Hatua ya 2: Piga kwa ngazi tatu

Simu inatosha. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini (mafuta ya mkono ndiyo yanayofanya picha nyingi zionekane kama zimepigwa kwenye ukungu), kisha kwa kila jambo piga picha tatu.

Ya kwanza, kwa mbali: Msikiti Mkuu mzima pamoja na miti, njia na nyumba za kijiji zilizo karibu. Ya pili, kwa hatua chache: safu ya matao na nguzo zake, mtu mmoja akiwa amesimama pembeni ili urefu ueleweke. Ya tatu, karibu kabisa: kiganja kimoja cha ukuta. Hii ya tatu ndiyo wasafiri wengi huiruka, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Sogea mpaka uone vitobo vya matumbawe, vile vinyota vidogo vilivyoachwa na viumbe wa baharini, na katikati yake chokaa nyeupe yenye vipande vya makombe. Weka rula ya sentimita 30 pembeni, au kalamu. Bila kipimo, mwanafunzi hawezi kujua kama anaangalia ukuta au kokoto.

Kuhusu mwanga: mawe ya matumbawe ni meupe, na jua la saa sita mchana linafuta kila kivuli mpaka ukuta unaonekana kama karatasi. Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi, mwanga unakuja kwa ubavu na kila tundu linajichora.

Piga na njia yenyewe. Stendi ya mabasi, bonde la Rufiji, mikorosho ya Kilwa, watu wanaoshusha mizigo Masoko. Mwanafunzi aliyeona njia anaelewa umbali. Aliyeona magofu peke yake anadhani Kilwa iko kwenye kitabu.

Jambo moja naomba ulisimamie. Usiukate mnara wa simu. Usisubiri bodaboda ipite ili magofu yabaki "ya kale". Ukiondoa paneli ya sola juu ya bati, ndoo ya plastiki na jezi ya Simba au Yanga, unamfundisha mtoto kwamba watu wa Kilwa Kisiwani wanaishi karne ya kumi na nne. Wageni wa nje wametupiga picha za namna hiyo miaka mingi, hatuna sababu ya kuendeleza sisi.

Vigae vya vyungu na vipande vya kauri utaviona ufukweni maji yakipwa. Vipige picha palepale vilipo, na uviache palepale. Kuviokota na kuondoka navyo ni kuvunja sheria ya mambo ya kale, hata kama nia yako ni kuviweka kwenye kabati la shule.

Hatua ya 3: Omba ruhusa kama mtu mzima

Hodi kwanza, salamu iliyokamilika, halafu sema wewe ni mwalimu wa wapi na picha itaonekana na nani. "Shikamoo bibi. Mimi ni mwalimu, ninafundisha watoto Historia. Ningeomba kupiga picha ya mikono yako ukisuka ukili, wanafunzi waone kazi." Ukiomba picha ya mikono na kazi, wengi hukubali bila shida, na kwa somo ni bora kuliko uso. Akikataa, shukuru na funga kamera. Usiipige kwa mbali baadaye.

Watoto: mzazi au mlezi aulizwe, siyo mtoto peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sura ya mtu ni taarifa yake. Ruhusa ya kuonyesha darasani haimaanishi ruhusa ya kuweka mtandaoni. Zima pia kipengele cha mahali kwenye kamera unapopiga nyumba za watu, maana picha hubeba alama za ramani ndani yake. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo ya ulinzi usiyaguse kabisa.

Ukipata nafasi, chapisha nakala na umtumie uliyempiga kupitia mtembeza wageni. Wanakijiji wamezoea wapigaji wanaoahidi na kupotea.

Hatua ya 4: Andika usiku uleule

Kwa kila picha utakayoitumia, mistari minne: nini, wapi, lini (pamoja na saa na hali ya maji), na nilisimama wapi nikitazama upande gani. Huo mstari wa mwisho unadharauliwa, lakini ndio unaowezesha mtu mwingine kurudi mwakani na kupiga picha ileile kwa kulinganisha. Ongeza neno lolote ulilosikia kwa wenyeji: jina la kisima, jina la upepo, jina la chombo. Ukiandika "boti" wakati mwenyewe ameiita dau au mashua, umepoteza somo zima la Kiswahili.

Hatua ya 5: Chuja bila huruma

Somo la dakika 80 halibebi picha zaidi ya nne au tano. Picha inayojieleza yenyewe, hata iwe nzuri vipi, itoe. Baki na ile inayomfanya mtu ainamishe kichwa. Machweo kwenye mkondo wa Kilwa yanapendeza, lakini mwanafunzi atasema "wow" na mjadala umekwisha.

Mfano wa picha inayofanya kazi: ndani ya Msikiti Mkuu, upande mmoja matao na kuba, upande wa pili kuta na mbingu tupu. Kwa nini paa lipo huku na halipo kule? Mwingine: ngome iitwayo Gereza na maji ya bahari chini yake. Nani alijenga karibu hivyo na bahari, au bahari ndiyo imesogea?

Hatua ya 6: Karatasi kama projekta haipo

Projekta ikiwepo, vizuri. Funika madirisha kwa mapazia au kanga nzito, vinginevyo wa nyuma hawaoni kitu. Isipokuwepo, chapisha.

Ukubwa wa A4 kwa ubora mzuri unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, na simu yoyote ya megapikseli 12 inavuka hapo. Tatizo huwa njiani: WhatsApp inaibana picha ukiituma kama picha. Itume kama dokyumenti, au ipeleke steshenari kwenye flashi. Kabla ya kutoa fotokopi, igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu yako uone kinachobaki. Picha inayotegemea rangi (bahari ya samawati, kanga nyekundu) itakuwa kijivu kitupu; ile yenye vivuli vikali itatoka vizuri. Zile utakazozitumia miaka mingi, zifunike kwa nailoni ngumu.

Darasa la watu 80 haliwezi kuzunguka picha moja. Gawa vikundi, kila picha iwe na nakala mbili, na vikundi vibadilishane baada ya muda.

Hatua ya 7: Onyesha, kisha nyamaza

Hapa ndipo walimu tunapoharibu. Tunaiweka picha ukutani na hapohapo tunaanza kueleza, kwa sababu tumefika huko na tunatamani kusimulia. Jizuie.

Kwanza, dakika mbili za kimya. Kila mtu anaangalia, hakuna anayeandika.

Kisha ziba robo tatu za picha kwa karatasi na acha robo moja wazi. Wanafunzi wataje wanachokiona tu, kwa majina: jiwe, kivuli, mzizi, tundu la mraba. Hakuna kukisia bado. Hamisha karatasi, robo nyingine, mpaka picha yote iwe wazi. Mbinu hii ya robo inafanya hata aliyezoea kukaa kimya apate cha kusema, kwa kuwa kutaja jiwe hakuhitaji ujasiri mkubwa.

Sasa maswali matatu. Yametokana na kazi ya Abigail Housen na Philip Yenawine, Wamarekani walioshughulika na namna watu wanavyotazama sanaa kwenye majumba ya makumbusho, na yanahamia darasani bila shida: Kuna nini kinaendelea kwenye picha hii? Umeona nini hadi ukasema hivyo? Tunaweza kuona nini zaidi?

Swali la pili ndilo lenye kazi. Chukua ile picha ya msikiti wenye paa nusu. Mmoja atasema, "Hapa palipigwa vita." Umeona nini hadi ukasema hivyo? "Paa limebomoka." Mwingine atanyoosha mkono: "Limebomoka upande mmoja, mwalimu. Huku nguzo zote zimesimama. Mabomu yangechagua?" Wa tatu atasogea na kusema zile kuta za pande mbili hazifanani. Hapo umekaa kimya na wao tayari wanafanya kazi ya mwanahistoria: kudai ushahidi kwa mwenzao.

Ndipo utoe maelezo. Upande wa kaskazini ndio mkongwe, wa karne ya 11 hadi 12, na paa lake bapa halipo tena. Upande wa kusini uliongezwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukajengwa kwa matao na kuba, na baadaye ukajengwa upya baada ya kuanguka. Msikiti mmoja, nyakati mbili, ufundi wa aina mbili. Aliyekisia kuhusu kuta zisizofanana ataikumbuka karne hiyo bila kukariri.

Suala la lugha lisikusumbue. Sekondari kwetu masomo mengi ni kwa Kiingereza, na mjadala hufa pale mwanafunzi anapotafuta neno la tao au la kuba. Waache wabishane kwa Kiswahili mpaka hoja iive, halafu waiandike kwa lugha ya mtihani. Kwenye Historia ya Tanzania na Maadili huna hata haja hiyo, kwani linafundishwa kwa Kiswahili.

Ukitaka kuwachokoza zaidi, weka karibu na picha zako mchoro wa mji wa Kilwa uliochapwa Cologne mwaka 1572. Unapatikana mtandaoni na hakimiliki yake ilikwisha zamani. Waulize kipi mchoraji alikijua, kipi alikisikia, na kipi alikibuni. Kisha geuza swali kwako: mwalimu wenu naye alichagua kusimama wapi, na ameacha nini nje ya fremu? Wakikubana, ujue somo limeingia.

Hatua ya 8: Wape picha walimu wenzako

Picha ya kiganja cha ukuta ni kipindi cha Kemia kilicho tayari. Matumbawe ni kalsiamu kabonati. Yakichomwa kwenye tanuri la magogo mpaka joto la nyuzi 900 hivi, kaboni dayoksaidi inatoka na kubaki kalsiamu oksaidi, chokaa isiyozimwa. Ukiimwagia maji inachemka na kuwa kalsiamu haidroksaidi. Ikipakwa ukutani inavuta kaboni dayoksaidi ya hewani, taratibu, na kurudi kuwa kalsiamu kabonati, yaani jiwe lilelile lililotoka baharini. Mafundi wa pwani waliuendesha mzunguko huu karne nyingi kabla ya mtu kuuandika kwa alama. Waliokuwa wakichonga nakshi walipenda matumbawe yaliyotolewa baharini yangali laini, kwa kuwa hukauka na kuwa magumu. Kuta za kawaida zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu. (Leo kuvunja matumbawe hai ni kosa, na hilo nalo ni somo la Baiolojia.)

Mwalimu wa Hisabati mpe bwawa la Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani hapohapo kisiwani, lile bwawa lenye pembe nane. Jumla ya pembe za ndani ni nyuzi 1080, kila moja nyuzi 135 kama ni pembenane sawa. Je, fundi wa karne ya 14 alizisawazisha? Wapime kwenye picha iliyopigwa kutoka juu ya ukingo, halafu wajadili kwa nini picha ya pembeni inadanganya pembe.

Jiografia inajitosheleza: kupwa na kujaa, mikoko, pepo za kaskazi na kusi zilizoleta na kurudisha vyombo, na mmomonyoko wa mawimbi, ambao ulikuwa moja ya sababu za magofu kuwekwa kwenye orodha ya hatari.

Hatua ya 9: Wao ndio wasafiri

Simu kwa wanafunzi haziruhusiwi kwenye shule nyingi, na sitakushauri uvunje utaratibu. Kata maboksi ya katoni uwe na fremu za mstatili, tundu la sentimita 6 kwa 9 hivi. Kila mwanafunzi atembee na fremu yake kuzunguka shule au njia ya kutoka nyumbani, aishike mbele ya jicho, na achague "picha" tatu: ya mbali, ya hatua chache, ya karibu. Kila moja aichore kwa mistari michache na kuiandikia mistari minne ileile ya Hatua ya 4. Baada ya hapo, kikundi kichague moja, na wewe uende nao kuipiga kwa simu yako, mmoja wao akibonyeza.

Kuwapa watoto kamera wapige maisha yao na kuyaandika siyo jambo jipya. Mmarekani Wendy Ewald alianza hivyo na watoto wa milimani Kentucky miaka ya 1970, na njia yake ikafika mpaka shule za msingi za Arusha. Picha ikitangulia, maandishi hufuata kwa urahisi, hata kwa mtoto ambaye insha humtoa jasho.

Utashangaa wanachokichagua. Bomba linalovuja nyuma ya vyoo, viatu mlangoni mwa msikiti, mama lishe anayepanga vikombe kabla jua halijachomoza. Usiwasukume kuelekea vitu "vizuri".

Hatua ya 10: Kusahihisha na kutunza

Usitoe alama kwa uzuri wa mchoro. Toa kwa mambo matatu: ametaja alichokiona kabla ya alichokikisia, amempa msomaji mahali, wakati na pembe, ameandika swali moja ambalo picha haijibu. Hilo la tatu lipe alama nyingi zaidi, na likiwa zuri lisome mbele ya darasa.

Mafaili yako yape majina yanayosomeka: kilwa_msikitimkuu_matao_asubuhi. Jina la namba lililotolewa na kamera halitakusaidia mwakani. Weka nakala mbili, moja kwenye flashi isiyotoka shuleni, na maelezo yake kwenye daftari moja. Ukiwa na seti kamili ya picha nne zenye maelezo, tafuta mwalimu wa mkoa mwingine mbadilishane: wewe umpe ukuta wa matumbawe, yeye akupe gati la Kigoma au matuta ya Lushoto. Mtumie picha kwanza, bila maelezo, uone wanafunzi wake watauliza nini. Maelezo yafuate wiki inayokuja.